Mzika Pembe Ndiye Mzua Pembe

Binamu yangu alikuwa ameshatoa arubuni aliponiita twende tukaione ploti. Ilikuwa Jumamosi ya Februari, ule msimu ambao vumbi la Eldoret huingia hadi kwenye chai. Broka alitutangulia akipiga nyasi kavu teke ili tuone bikoni, moja baada ya nyingine, kama mtu anayehesabu watoto wake. “Mkubwa, hapa ni hamsini kwa mia kamili. Taito iko, stima ile pale, na lami haimalizi miaka miwili kabla ya kufika.” Binamu alikuwa ameshika karatasi ya sachi, muhuri wake bado mbichi. Jina la muuzaji lililingana na la kwenye kitambulisho. Hakukuwa na mkopo wa benki wala zuio la mahakama.

Kwenye ploti ya jirani vijana wawili walikuwa wakichimba mtaro wa msingi, nikaenda kuwasalimu. Futi mbili za juu zilikuwa maramu nyekundu, iliyoshindiliwa vizuri. Chini yake udongo ulikuwa mweusi kama masizi, na ubavuni mwa mtaro ulining'inia mfuko wa plastiki wa samawati, kando yake soli ya ndara na betri ya redio iliyotoboka ikaota unga mweupe. “Mzee, hapa ni supamaketi,” mmoja akacheka. “Kila ukipiga sepetu unatoka na kitu.”

Ng'ambo ya ua kulikuwa na nyanya mmoja akifunga ng'ombe. Tulimwamkia, tukamwita kogo kama ilivyo desturi ya huku, akatusimulia habari za mahali pale bila kuachia kamba mkononi. Zamani lilikuwa shimo la maramu. Barabara ilipokwisha, shimo likabaki, wakati wa mvua watoto wakaogelea humo. Kisha matrekta yakaanza kuja na taka za soko; ya nani, hakumbuki. Yalikuja miaka na miaka, hadi siku moja tingatinga likasawazisha udongo juu yake na nyasi zikaota. Simulizi nzima haikuchukua dakika tano. Nilipomuuliza kama amewahi kuwaambia wanunuzi, alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. “Hakuna aliyeniuliza.”

Mtaa wenyewe sitautaja. Kuna familia zimeshajenga pale kwa jasho lao, na kosa si lao. Nitarudi kwenye ukimya wangu huu baadaye, kwa sababu nao ni sehemu ya tatizo.

Mkenya anaponunua ardhi hufundishwa jambo moja: fanya sachi. Wakili atakuambia hivyo, mchungaji atakuambia, hata broka anayetaka kukutapeli atakuambia. Na ni ushauri mzuri, maana tumeibiwa sana. Lakini tuangalie karatasi ile inasema nini. Daftari la ardhi lina sehemu tatu. Ya kwanza inaeleza ardhi yenyewe, yaani nambari, ukubwa na ramani inayohusika. Ya pili inamtaja mwenyewe. Ya tatu inaorodhesha mizigo iliyo juu yake, kama vile mkopo, zuio au haki ya jirani ya kupita. Hakuna sehemu inayouliza ardhi hiyo ilitumiwaje kabla ya kukatwakatwa vipande. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inamlinda mwenye cheti dhidi ya mtu atakayekuja kudai kuwa ardhi ni yake. Dhidi ya kilicho chini ya ardhi hiyo, cheti hakina neno.

Nacho kilicho chini hakilali. Taka zinazooza mahali pasipo na hewa hutoa gesi ya methani, na kazi hiyo huendelea kwa miongo kadhaa baada ya lori la mwisho kuondoka. Methani ikichanganyika na hewa kwa kiasi cha kati ya asilimia 5 na 15, cheche moja ya kiberiti inatosha. Maji ya mvua yanayopenya katikati ya taka hutoka upande wa chini yakiwa meusi, yamebeba chochote kilichotupwa humo, yakielekea kisimani au mtoni. Na taka zinapooza hupungua ujazo, kwa hiyo ardhi hunywea, huku zaidi na kule kidogo. Nyumba hupasuka kona moja, fundi akalaumiwa kwa simenti hafifu, kumbe sakafu inafuata mabaki ya kabichi yanayooza tangu enzi za baba yake.

Waingereza walijifunza jambo hili kwa kishindo. Alfajiri ya tarehe 24 Machi 1986, katika kijiji cha Loscoe, Derbyshire, nyumba moja ililipuka ikabaki kifusi. Watu watatu waliokuwemo walijeruhiwa vibaya lakini wakapona. Jaa la taka la karibu lilikuwa limefungwa tangu 1982, likafunikwa udongo. Usiku ule kanieneo ya hewa ilishuka ghafla, gesi iliyonaswa ardhini ikapata njia, ikapenya kwenye nyufa za miamba hadi chini ya sakafu, na mashine ya kupashia nyumba joto ikaiwasha. Leo England ina rejista ya umma ya majaa ya zamani yapatayo 20,000, na mtu anayetaka kujenga ndani ya mita 250 za jaa lililotumika katika miaka 30 iliyopita hapati ruhusa kabla ya wataalamu kuulizwa. Anayenunua nyumba huko anaweza kujua kabla ya kutia sahihi. Wamarekani nao walikuwa na Love Canal huko Niagara Falls. Kampuni ya kemikali ilizika tani zipatazo 21,000 za sumu katika mfereji wa zamani, ikaufunika, na mwaka 1953 ikaiuzia bodi ya shule ardhi hiyo kwa dola moja. Shule ikajengwa, nyumba zikaizunguka. Kufikia 1978 Rais Carter alikuwa anatangaza hali ya dharura na familia zinahamishwa.

Msomaji atasema hayo ni ya wenye viwanda vikubwa. Haya, tubaki nyumbani. Dar es Salaam ilikuwa ikimwaga taka Tabata, wakazi wakaenda Mahakama Kuu wakiongozwa na Joseph Kessy, na mwaka 1988 wakashinda. Halmashauri ya jiji iliomba kuongezewa muda mara kwa mara, hadi 1991 Jaji Lugakingira alipokataa. Baadaye taka zikafika Vingunguti, kisha Mtoni, hatimaye Pugu Kinyamwezi. Ukiifuata safari hiyo kwenye ramani utaona jambo moja: jaa hukimbia nyumba, nyumba hulifuata, na kila linapohama huacha nyuma yake kiwanja kinachoonekana kitupu katikati ya jiji lenye njaa ya viwanja. Kampala, jaa la Kiteezi lilifunguliwa 1996 pembezoni mwa mji. Mji ukalifikia. Tarehe 10 Agosti 2024 mlima ule wa taka uliporomoka juu ya nyumba zilizokuwa chini yake, ukaua watu wasiopungua 35.

Hapa Kenya, jaa la Dandora jijini Nairobi lilianza 1975 ndani ya timbo la zamani la mawe, na 2001 likasemekana limejaa. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto 328 wanaoishi karibu na jaa hilo, na nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kwa kiwango kilichofikia au kupita kile kilichokubaliwa wakati huo. Mombasa, kiwanda kilichoyeyusha betri za magari kando ya kijiji cha Owino Uhuru kilifungwa 2014, lakini udongo haukufungwa nacho. Mahakama ya Mazingira na Ardhi ilipoamua kesi ya wakazi hao mwaka 2020, iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, na kuagiza udongo na maji visafishwe, la sivyo zilipwe milioni 700 za kazi hiyo. Rufaa ikaupangua uamuzi 2023, Mahakama ya Juu ikaurudisha Desemba 2024. Kuzika ni kazi ya trekta moja na dereva wake. Kuzua kulichukua wanakijiji wale zaidi ya miaka kumi.

Eldoret inaingiaje hapa? Mji ulioanza kama Shamba Nambari 64, lile jina ambalo wazee wetu walilitamka Sisibo, ulihesabiwa kuwa na watu 475,716 katika sensa ya 2019, na tarehe 15 Agosti 2024 ukapewa hadhi ya jiji, wa tano nchini. Kabla ya hapo mashamba ya walowezi yalikuwa yameshagawanywa, misitu ya miwati ya kampuni ya EATEC imekatwa na kuuzwa vipande, na kila barabara mpya ilikuwa imechimba maramu yake mahali fulani. Sisi wa huku tunajua shimo la maramu huishia wapi. Likikosa maji hujazwa takataka, likijaa takataka hufunikwa, likifunikwa huwa ploti. Jaa kubwa la Huruma kila mtu analijua, moshi wake hujitangaza. Ninachozungumzia ni yale madogo yasiyo na jina wala moshi, yaliyomezwa na mitaa.

Tena sisi ni watu wa visima. Huko Langas, mtaa wa hapa Eldoret, utafiti uliochapishwa 2007 ulikuta bakteria wa kinyesi katika karibu visima vyote vifupi vilivyopimwa, kwa kuwa vyoo na visima vinagawana uwanja mmoja. Kama maji ya choo cha jirani yanafika kisimani, maji ya jaa la zamani yatazuiwa na nini? Maji hayo yakiponyoka hapa yanaingia Sosiani, Sosiani inamwaga Kipkaren, Kipkaren inamwaga Nzoia, na Nzoia inaishia Ziwa Viktoria. Shimo lililozibwa Uasin Gishu linaweza kumfuata mtu hadi Budalang'i, karibu na ziwa.

Basi mnunuzi afanye nini? Nimeshaulizwa mara nyingi tangu Jumamosi ile, na jibu langu ni la kienyeji. Kwanza, mtafute kogo wako. Katika kila mtaa kuna mtu aliyechunga ng'ombe pale kabla ya bikoni. Uliza watoto wa zamani walipaitaje mahali hapo, maana majina kama Shimoni au Kwa Taka hayazuki hivi hivi. Pili, fungua picha za setilaiti kwenye simu au kompyuta, zile zinazoweza kurudishwa nyuma mwaka hadi mwaka, ukatazame kama miaka 15 iliyopita palikuwa na shimo, bwawa au doa la kijivu lenye njia ya malori. Tatu, soma mimea. Ukikuta mibarika imesongamana mahali pasipolimwa, na nyanya na maboga yamejiotea bila mkulima, jua kuna mbegu zilizoletwa na jaa la taka. Nne, kabla ya kumaliza kulipa, omba ruhusa uchimbe mashimo mawili au matatu ya mita mbili kwenda chini, katika pembe tofauti. Muuzaji asiye na la kuficha hatakataa. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017, kwa hiyo ukiikuta kwa tabaka zima chini ya maramu safi umeshapata na historia, pengine hata na umri wa jaa lenyewe. Na kama kuna kisima, maji yapelekwe maabara kabla hujayasifia utamu.

Lakini nikisema hayo najisikia kama mtu anayemfundisha abiria kukagua breki za matatu. Ni kweli zinahusu uhai wake, ila si kazi yake. Wahenga walisema mzika pembe ndiye mzua pembe. Anayejua ilipozikwa ni yule aliyeshika jembe. Taka za mji huwa hazitembei zenyewe. Hupelekwa na mamlaka ya mji au na mkandarasi aliyelipwa na mamlaka hiyo. Mafaili ya manispaa za zamani yalirithiwa na kaunti mwaka 2013, pamoja na madeni, magari na madereva waliokuwa wakiendesha matrekta yale. Baadhi ya madereva hao wangali hai, wamestaafu, wanakunywa chai mjini. Kaunti ingewakalisha kitako kwa wiki mbili, ikawapa ramani na kalamu nyekundu, ingepata rejista ya kwanza ya majaa yaliyofungwa Uasin Gishu kwa gharama ya chapati na nauli.

Sheria haituzuii. Katiba, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 imeweka siku 21 za kujibiwa. Mnunuzi yeyote anaweza kuiandikia kaunti leo akiuliza kama ardhi fulani iliwahi kutumiwa kumwaga taka. Zaidi ya hapo, ile Sheria ya Mazingira ya 1999 ina kipengele ambacho wengi hatukitumii: mahakama inaweza kuifunga ardhi kwa sharti la kulinda mazingira, na sharti hilo likaandikishwa kwenye usajili wa ardhi kama yanavyoandikishwa masharti mengine, likamfuata kila mnunuzi. Kwa maneno mengine, ile sehemu ya tatu ya daftari, ya mizigo, ina nafasi. Mkopo wa benki wa laki tano unaandikwa pale. Kwa nini mita nne za taka zisiandikwe?

Nimewahi kumweleza wazo hili rafiki anayeuza ardhi, akashika kichwa. “Ndugu yangu, utaua soko. Na utawaua maskini kwanza, kwa sababu ndio walionunua huko.” Hoja yake ina uzito na siipuuzi. Mama aliyejenga vyumba vitatu vya mabati juu ya shimo la zamani ndiyo mali yake yote hiyo, na siku mahali pale patakapochorwa duara jekundu kwenye ramani, benki haitampa hata senti. Lakini soko analolitetea rafiki yangu ni lipi? Ni lile ambalo anayejua anamuuzia asiyejua. Bei ya ploti ile haijapanda kwa ukimya; hasara yake imehamishiwa tu kwa mtu wa mwisho kununua, ambaye aghalabu ndiye maskini kuliko wote. Tena uvumi unaumiza wengi kuliko rejista. Ukisikia kwamba “kule kuna mahali palimwagwa taka”, mtaa mzima unatiliwa shaka, hata ploti 90 zilizo salama. Ramani ingezisafisha jina hizo 90.

Wala kuandikwa si kuhukumiwa. Jaa dogo la taka za soko lililofungwa miaka 40 iliyopita si sawa na shimo lililopokea betri na mafuta machafu ya gereji mwaka juzi. Pengine patatosha kuzuia visima na kutoboa matundu ya kupitisha gesi. Pengine patafaa uwanja wa mpira, au bustani kama ile iliyooteshwa Kibarani, Mombasa, mahali ambapo kila aliyeingia kisiwani alikuwa akiziba pua. Na pale ambapo hapafai kuishi watu, basi aliyezika abebe gharama ya kuwahamisha walionunua kwa nia njema, badala ya kuwaachia wabebe wenyewe kwa mapafu na visima vyao.

Jambo la haraka zaidi lipo mbele ya macho yetu. Jaa la Huruma nalo, kama majaa yote, lina siku yake ya kufungwa, na Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inazisukuma kaunti ziache kumwaga hovyo. Siku hiyo ikifika tutasikia hotuba na tutaona miche ikipandwa. Mimi nitatazama kitu kimoja tu: kama kabla ya udongo kumwagwa sarveya atakuwa amepita na kuuchora mpaka wa taka, akaupeleka kwenye usajili wa ardhi. Asipopita, basi mwaka 2050 kutakuwa na broka mwenye viatu vya vumbi akipiga nyasi teke, na bikoni zitakuwa kamili.

Binamu yangu alichimba mashimo yake. Kona mbili zilikuwa safi, kona mbili zilitoka nyeusi. Akajitoa, akapoteza sehemu ya arubuni, akashukuru Mungu. Ploti haikukaa. Kabla ya Pasaka ilikuwa imeshauzwa, na nilipopita mwezi uliofuata msingi ulikuwa umeinuka, mawe yamepangwa kwa mkono wa fundi mzuri. Mwenye nyumba alikuwa amesimama juu ya jamvi na mkewe, wakionyeshana kwa vidole mahali pa jikoni. Pembeni mafundi walikuwa wameanza kuchimba kisima.

Nilipunguza mwendo. Nilitaka kusimama, lakini ningewaambia nini watu walioshafika kwenye jamvi? Nikawapungia mkono, nao wakanipungia kwa furaha, nikapita. Nimekaa na mpungio ule tangu wakati huo. Kogo alikuwa na udhuru, hakuna aliyemuuliza. Mimi nilijua pembe ilipozikwa, nikaongeza sepetu moja ya udongo juu yake.